Wa Mwisho Hufunga Lango

Tangu masika yaliyopita mama hajaruhusu mlango wa mbele ufungwe komeo. Kaka yangu alipanda msituni na wageni, wakaliona ziwa lililo ndani ya shimo la mlima, na njiani kurudi mgeni mmoja akakumbuka amesahau koti. Kaka akarudi kulichukua. Koti lilipatikana ukingoni. Yeye hadi leo. Watu waliniambia nishukuru kwa kila jambo. Mimi ni fundi cherehani, koti nalishona kwa siku moja.

Masika yalipoanza tena, mama aliniita jikoni.

"Nenda kamwite ndugu yako," alisema. "Akiitika, mlete. Asipoitika, nitafunga mlango, tumlilie kama watu."

Aliyenipeleka ni kiongozi wa wageni, tunayemwita Polepole kwa sababu hajawahi kumngoja mtu. Kaka alikuwa akifanya naye kazi, akitembea nyuma kabisa asije akapotea mtu. Ndiyo maana wakamwita Mkia. Ukungu ukishuka, Polepole huuliza kwa sauti, "Wa mwisho?" na wa mwisho hujibu, "Nipo." Huyo wa mwisho ndiye anayefunga lango la msitu. Ndiyo sheria yao.

"Leo mkia ni wewe," aliniambia tulipoingia. "Ukiteleza, teleza kimya, usinishtue."

Njia ilikuwa tope tupu. Mara kwa mara mguu ulitangulia na kiatu kikabaki nyuma. Tulipofika ukingoni, ziwa lilikuwa limetulia chini kule, jeusi, kama chai iliyopoa kikombeni. Nilimwita kaka kwa jina lake la nyumbani. Nikamwita tena kwa hasira, jinsi nilivyokuwa nikimwita akichelewa kula. Haukurudi hata mwangwi.

Polepole alivua kofia. "Twende, dada. Mvua inarudi."

Niliteremka nikilia, na kusema kweli nilihisi nafuu, maana angalau nilikuwa na jibu la kumpelekea mama.

Ukungu ulitukuta katikati ya msitu. Mgongo wa Polepole ukapotea.

"Wa mwisho?" aliuliza.

Nilifungua kinywa. Nyuma yangu, karibu kiasi cha kunigusa, sauti ikasema, "Nipo."

Ilikuwa sauti ya kaka, ile ile ya kuburuza, kama mtu anayeongea huku anatafuna. Mbele, hatua za Polepole zilisimama. Naye alikuwa ameisikia. Kisha zikaendelea, haraka kuliko mwanzo.

Sikugeuka. Nyayo zilinifuata topeni, nikisimama, zinasimama. Niliogopa, halafu hofu ikanitoka, ikaingia furaha, nikaanza kumsimulia habari za nyumbani: mama amekonda, kitanda chako hatujakigusa, shati lako la bluu nimelitia kiraka. Polepole alipouliza tu ndipo kaka aliposema, "Nipo."

Langoni Polepole alipita bila kutazama nyuma, akasimama barabarani. Nami nikapita, nikalishika lango lisijifunge.

"Pita, kaka," nilisema. "Mama anakungoja."

Hapo nilijilazimisha kugeuka. Niliona ukungu, na alama za viatu zilizoishia hatua moja ndani ya lango, zikijaa maji. Lango likaanza kuvutwa kutoka mkononi mwangu. Nililing'ang'ania kwa mikono miwili. Nilimtukana, nikambembeleza, nikamwambia asimfanyie mama hivyo. Likavutwa bila ugomvi, jinsi unavyomnyang'anya mtoto kisu, likafungwa, na komeo likasukumwa kwa ndani.

Nyumbani mama alikuwa amekaa akiuelekea mlango.

"Ameitika?"

Ningeweza kumdanganya.

"Ameitika, mama. Nimemshikia lango wazi. Amelifunga mwenyewe, kwa ndani."

Alitazama viatu vyangu, kisha akatazama nyuma yangu, pasipokuwa na mtu. Akainuka, akanivuta ndani, akashika komeo. Lilikuwa limeshika kutu. Tulilisukuma pamoja.