Chanuo la Mwenye Heri Kamili

Kijijini kwa kina Yaqing furaha si jambo la moyoni. Huhesabiwa vichwa. Mwanamke ambaye wazazi wake wapo, mume yupo, mtoto wa kiume yupo na wa kike yupo, huyo ndiye mwenye heri kamili, na ndiye pekee anayeruhusiwa kumchana nywele bibi harusi asubuhi ya ndoa. Marehemu bibi yake Yaqing, aliyekuwa Mkristo, alisema furaha iko mbinguni. Mtawa wa hekaluni husema iko katika kutotaka kitu. Mama yake Yaqing hakuwa na muda na hao wote wawili. Yeye alimtaka rafiki yake Guizhen na chanuo lake.

Kijiji kizima mwenye heri kamili alikuwa amebaki huyo mmoja. Na jana jioni ikaja simu kutoka Shenyang kwamba Weiliang, mwana wa pekee wa Guizhen, ameanguka kutoka ghorofa alilokuwa akijenga, akafa papo hapo. Aliyepokea ni mume wa Guizhen. Guizhen mwenyewe alikuwa kwa kina Yaqing, akishona mfarishi mwekundu wa kitanda cha maharusi.

"Mama, mwambie," Yaqing alisihi kulipokucha.

"Hajaambiwa, kwa hiyo bado anao wote wawili," mama yake alijibu, macho makavu. "Akimaliza kuchana, mumewe atamwambia. Tumeshapatana. Au unataka uolewe na mkosi?"

"Ni mwanawe, mama!"

"Na wewe ni mwanangu. Funga mdomo."

Basi Yaqing akaketi mbele ya kioo, Guizhen nyuma yake, ua jekundu kichwani, amejaa maneno kama kawaida yake.

"Nywele gani hizi, mwanangu? Ufagio mtupu! Mumeo atadhani kaoa farasi."

Akachana mara ya kwanza, akiomba ndoa idumu. Akachana mara ya pili, wazeeke pamoja. Kwenye kioo Yaqing alimwona mume wa Guizhen nje ya mlango, kofia mkononi, anatazama chini. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri.

Sema, Yaqing alijiambia. Sema kabla hajafika kwenye watoto. Mdomo ukafunguka. Akamkumbuka bwana harusi aliyekuwa njiani, akamfikiria mtoto ambaye bado hajamzaa, akauogopa mkosi, akaufumba mdomo. Alijichukia.

"Unalia? Lia, lia, ndiyo desturi. Mimi machozi yaligoma, mama akanifinya!" Chanuo likashuka mara ya tatu, polepole, hadi nchani. "Uzae wana wajaze nyumba. Furaha yako iwe kama yangu, mwanangu. Yote, usipungukiwe hata kidogo."

Bibi harusi asipoitikia, baraka haishiki.

"Nimepokea, shangazi," Yaqing akasema.

Mama yake akashusha pumzi. "Dada, mzee wako anakuita hapo nje."

"Huyu naye! Hata chai hawezi kujimiminia." Guizhen akalichomeka chanuo kwenye nywele za Yaqing, akatoka akicheka.

Mama akafunga mlango, kisha akapaza sauti dirishani wawashe fataki, hata kama bwana harusi hajafika. Zikalipuka uani mfululizo, watoto wakashangilia. Zilipokwisha, Guizhen alikuwa bado anapiga mayowe.