Sura Iliyozikwa Malinya

Mara ya kwanza Milcah aliposikia mdundo chini ya ardhi, alidhani ni moyo wake. Alikuwa kibarazani anachambua mboga ya mrenda, ungo juu ya mapaja, mchana wa jua kali. Du. Kimya. Du, du. Akaweka ungo chini, akavua sandali na kukanyaga sakafu kwa nyayo tupu. Mdundo ukapanda kupitia visigino hadi magotini. Haukuwa moyo. Ulikuwa wa sururu, nayo ilikuwa inaelekea kwenye kaburi la baba yake.

Watu wa Malinya wamezoea kuchimba dhahabu. Shimo hili limefunguliwa, lile limeachwa, na ng'ombe akipotea, mwenyewe huchungulia mashimo kabla hajauliza majirani. Lakini upande huu hakuna dhahabu, na kila mtu anajua hivyo. Sasa anayekuja huku chini kwa chini anatafuta nini? Milcah alijua, na kujua kwenyewe ndiko kulikomtia baridi.

Baba yake alikuwa Mwalimu George. Ayuma, nyanya yake Milcah, alimzaa na Mzungu mpima ardhi aliyepima, akakunja kamba zake, akaenda zake. Mtoto akakua ana rangi ya chai ya maziwa na hana ukoo wa baba. Watu wakamwita George wa Ayuma, na waliolitamka jina hilo hawakuwa wanamsifu. Mkono wake ndio uliomtoa katika dharau hiyo. Enzi za mkoloni, wakati wenye shule waliona uchoraji ni kupoteza chaki, yeye alikuwa wa kwanza pande hizi kufundisha watoto wa Kiafrika kuchora darasani. Rangi hazikutosha, akawaonyesha kusaga udongo wa kichuguu wapate nyekundu, masizi ya chungu yawe nyeusi, bluu ya kufulia iwe mbingu. Turubai hakuna, akachora juu ya mbao za msituni. Walimu wa Kizungu walimsifu lakini hawakumkaribisha mezani. Wajomba walimkaribisha mezani lakini hawakumpa shamba, isipokuwa kipembe hiki. Mwishowe akapelekwa ng'ambo kusoma zaidi, kifua kikamuua, akazikwa hukohuko.

Kwa desturi, maiti isipopatikana huzikwa mgomba badala yake. Wazee wakaja na mgomba wao, Ayuma akausukuma.

"Mgomba hauna sura," alisema. "Mwanangu ana sura, na ameiacha hapa."

Mle nyumbani mlikuwa na picha aliyojichora mwenyewe juu ya ubao mzito wa mvule. Ndiyo iliyolazwa jenezani. Milcah alikuwa mtoto mdogo, lakini anakumbuka jinsi nyanya yake alivyomminya mkono na kusema mbele ya watu wote: sura hii ikitolewa ardhini, mtu huyu atakuwa hajazikwa, na asiyezikwa hurudi kuwaita walio wake mmoja mmoja. Nayo damu ya George iliyobaki sasa ilikuwa Milcah na mwanawe Isaiah, basi. Wengine wote walikwisha tangulia.

Yote haya yangelala salama kama si yule mwanamke wa Nairobi, Christine, aliyekuja kabla ya mvua na gari safi na maneno mazuri. Alisema Mwalimu George ni mwanzilishi, watu sasa wanazitafuta kazi zake, na picha ile aliyojichora ikipatikana itanunuliwa kwa bei ya kumfanya mtu asahau alizaliwa maskini. Milcah alimjibu kwamba hajui ilipo. Isaiah, mchimbaji wa miaka mingi katika shimo la jirani yao Shikanga ng'ambo ya ua, alikuwa amesimama mlangoni. Bei hiyo aliisikia.

Mdundo ulipoendelea, Milcah alimsubiri mwanawe kwa chakula cha mchana. Akamwekea obusuma, ugali wa kwao, na mrenda, akakaa kumtazama.

"Isaiah, siku hizi mnachimba wapi?"

"Kule kule, Mama."

"Kule wapi?"

"Sisi tunafuatanga mshipa wa dhahabu. Mahali mshipa unaenda, na sisi tunaenda."

Udongo uliokauka mikononi mwake haukuwa mwekundu wa kule kwa Shikanga. Ulikuwa mweusi, wa bomani mwao.

"Kuka yako amelala pale," Milcah alisema. "Babu yako mzazi."

"Hakuna mtu atagusa kaburi, Mama. Simenti itabaki vile iko. Hata maua yako yatabaki."

Hapo ndipo alipoelewa yote. Wangeingia kwa ubavuni, kama panya kwenye ghala. Wanaume wazima walikuwa wamekaa shimoni wakashauriana, wakakubaliana kwamba kinachotolewa kwa chini hakijafukuliwa, utadhani wafu hutazama juu tu.

"Mwanangu, mimi naogopa. Naogopa mpaka siwezi kumeza."

"Woga haulishi mtu, Mama." Akanawa mikono, akaondoka.

Angemwambia nani? Wazee wangemfukuza Isaiah asirudi tena. Chifu angeleta polisi. Akinyamaza, ardhi ingemla mwanawe. Basi akawa anatembea bomani kwa ncha za vidole, mwanamke mzee katika boma lake, akihofia kukanyaga kichwa cha mtoto wake. Mvua zikaanza. Kila baada ya mvua alikwenda kutazama simenti ya kaburi, na asubuhi moja akaona pembe moja imezama. Alimlilia Isaiah tena, akamshika shati. Isaiah akaitoa mikono yake polepole, akasema imebaki kidogo tu.

Alasiri ya siku ileile udongo uliporomoka. Milcah alisikia sauti ndefu kama trela la miwa linamwagwa, simenti ikapasuka katikati, halafu kimya. Siku zote alikuwa ameomba mdundo ule ukome. Sasa ulikuwa umekoma, naye angetoa chochote ausikie tena.

Shikanga alipenya kwenye ua, tope hadi machoni.

"Mama, Isaiah ako ndani. Yeye ndiye alikuwa mbele."

"Mpite shimoni basi, mkamtoe!"

"Kumeziba kote. Tukianzia huko, ni mpaka kesho." Akalitazama kaburi, kisha akatazama miguu yake.

Wachimbaji wakajaa bomani na sepetu zao. Hakuna aliyeinua mkono. Mzee Were wa ukoo akasema kaburi halifunguliwi hivihivi, lazima kondoo achinjwe kwanza, lazima wazee waketi. Mtu akanong'ona nyuma: tamaa mbele, mauti nyuma. Milcah hakugeuka kujua ni nani. Alimnyang'anya Shikanga sururu. Akasimama mbele ya simenti.

"Kama kuna laana, ianze na mimi," alisema, akapiga.

Alipiga tena na tena mpaka ufa ukafunguka. Shikanga akampokea sururu, na wengine wakaingia wote kwa pamoja kama waliokuwa wanangoja ruhusa.

Jeneza lilikwisha kuwa unga. Chini yake wakasikia mtu anaguna. Ubao wa mvule ulikuwa umeteremka pamoja na udongo, ukamlalia Isaiah kifuani, ncha zake zimekwama kwenye kuta zote mbili za shimo. Kila walipouvuta, udongo ulimmiminikia shingoni. Shikanga akaupangusa kwa kiganja aone mahali pa kupiga shoka, na sura ikatokea.

Milcah aliinama. Alikuwa ameisahau kabisa sura ya baba yake, na sasa alikuwa huyu hapa. Nyekundu ya kichuguu ilikuwa bado nyekundu. Paji la uso, masikio, yote ya Isaiah. Na Isaiah mwenyewe alikuwa papo hapo kwenye ukingo wa ubao, tope limemfika mdomoni. Milcah alitamani kumtazama baba yake kidogo tu, na akaogopa hamu ile kuliko alivyoogopa laana.

Shikanga aliliinua shoka, likabaki hewani. Bei ya Christine ilikuwa kichwani mwa kila mwanamume pale.

"Mama, tuchimbe pembeni pole pole. Tusiiharibu..."

Isaiah akatema udongo, na mwingine ukaingia.

"Pasua," Milcah alisema.

"Huyo ni baba yako!" Mzee Were akapiga kelele.

"Najua ni nani. Pasua!"

Shoka likashuka katikati ya macho. Mvule ni mgumu; kila pigo Milcah alilisikia kwenye meno yake. Ubao ukalia, ukakatika, na wanaume wakamvuta Isaiah kwa makwapa, mguu wake mmoja ukining'inia vibaya. Wakamlaza kwenye nyasi. Milcah akamfuta mdomo kwa leso, akamzaba kofi la bega kwa hasira, kisha akamkumbatia. Alikuwa anaogopa bado, pengine zaidi ya mwanzo. Kaburi lilikuwa wazi nyuma yake na hakuthubutu kugeuka.

Isaiah akafumbua macho.

"Mama... picha..."

"Nyamaza," alisema, kiganja kimetulia kifuani pa mwanawe. "Wewe pumua tu."

Isaiah akapumua, akakohoa tope, akapumua tena.