Silima Hasomewi

Haya alinisimulia Ruweida mwenyewe, msimu wa karafuu uliopita, tumekaa barazani kwangu Jadida tunachambua.

Alikuja Pemba kutoka Mombasa mwezi wa Shaabani, peke yake, kutafuta watu wa babu yake. Mama yake alikufa yeye hajaota meno, baba hakumjua, akalelewa na babu, Silima Mbarouk, fundi baiskeli wa Kisauni. Mzee huyo aliondoka Pemba kijana na hakurudi tena. Akiulizwa kwao wapi, jibu lake lilikuwa moja: "Makangale, nyumba ya Mbarouk Duni. Ukitoka hapo ni msitu." Alipofariki, miaka kumi na moja nyuma, Ruweida alibaki hana wa kumuuliza hata kama ameshakula. Sikukuu hupika kisufuria kidogo, akala, akaosha sahani moja.

Siku mbili alizunguka, maana jina la Mbarouk Duni vijana hawakulijua. Tumbe, kijiji cha jirani, walimwambia kina Mbarouk ni wengi, achague mwenyewe. Siku ya tatu Abdulnasir, kijana wa bodaboda, akampeleka Makangale kwa bibi mmoja anayeishi peke yake.

"Bi Mwatum! Nimekuletea mgeni."

"Wewe Abdulnasir, kila mgeni wako anakuja kuhesabu vyandarua. Mwambie ninavyo viwili, vishahesabiwa."

"Huyu hahesabu kitu. Anatafuta jamaa zake."

"Shikamoo, bibi," Ruweida akasema.

"Marahaba, mwanangu. Jamaa zako kina nani?"

"Watu wa Silima Mbarouk. Alikwenda Mombasa mwaka wa sitini na tano."

Bi Mwatum alikuwa anakuna nazi, maana jioni ile palikuwa na khitma nyumbani kwake. Mkono ukasimama. Akajizoazoa, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililoshonwa kwa uzi mweusi. Humo mna majina ya marehemu wote wa nyumba ile. Kila Shaabani, kabla ya Ramadhani, husomwa khitma, na majina hutajwa moja moja ili kila marehemu aombewe.

"Nisomee. Macho yangu hayaoni tena."

Ruweida akasoma. Mbarouk Duni. Ndiyo nyumba yenyewe. Siti binti Msellem, mkewe. Kisha watoto wao: Mwanakhamis Mbarouk, Duni Mbarouk, Khairat Mbarouk. Akageuza ukurasa: wajomba, mashangazi, vitoto vichanga. Akarudi mwanzo, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Silima hayumo.

"Basi, bibi, nimekosea nyumba. Nisamehe." Akaanza kutafuta viatu vyake.

"Umesoma watoto wangapi wa Mbarouk?"

"Watatu."

"Tulizaliwa watano. Mmoja mimi, kitinda mimba. Wa tano yuko wapi?"

Ruweida akasimama na kiatu kimoja mguuni.

"Silima hasomewi," Bi Mwatum akasema. "Mama alikataza. Kila mwaka Shehe akimuuliza, 'Na Silima?' Naye akimjibu, 'Mwanangu hajafa, kaenda Mombasa.' Siku anakata roho alinishika mkono huu. 'Mwatum, usimtie Silima wangu humo mpaka uletewe habari.' Basi sijamtia. Miaka sitini." Akamtazama mgeni wake usoni. "Hajambo?"

Ruweida alinambia, hapo alikivua kile kiatu, akawaza. Nyumba kaipata, damu yake kaipata, na mlango wa kuingilia ni kuua mtu aliyekuwa hai. Ilimpitia aseme hajambo, kazeeka tu, anakusalimu sana. Nani angejua? Lakini daftari alikuwa nalo mkononi. Shaabani kumi na moja babu yake hakusomewa kwao.

"Alifariki, bibi. Mimi mjukuu wake. Miaka kumi na moja sasa."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Bi Mwatum akarudi kwenye mbuzi yake, akakuna nazi hadi kikabaki kifuu kitupu, na bado anakuna. Kisha akauliza, "Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Mwandike chini ya Khairat. Kwa hati nzuri, Shehe asikwame."

Jioni watu wakaja, khitma ikasomwa. Shehe alipofika kwa Silima Mbarouk, mzee mmoja akainua kichwa, akakiinamisha tena. Wakala wali, wakaagana, kila mtu akashika njia. Wakabaki wawili, wakalala kitanda kimoja.

"Alikuwa bado anakoroma?" Bi Mwatum akauliza.

"Mtaa mzima ukimsikia."

Bibi akacheka kidogo, akaacha. "Kila mwaka majina yakisha na yeye hakutajwa, nilikuwa nikifurahi moyoni. Nasema, yupo. Mwakani sitakuwa nalo hilo, mjukuu wangu."

Ruweida akamvutia shuka mabegani. Baada ya muda Bi Mwatum akaanza kukoroma, mkoromo ule ule, wa kupanda, kukatika, na kuanza upya. Ruweida akausikiliza, machozi yanamwingia masikioni, mpaka naye usingizi ukamchukua.