Maji ya Moto ya Kisiwani

Gubu, gubu, gubu. Maji yalikuwa yakitokota sebuleni, mahali pasipo na jiko. Ruphin, aliyekuwa jikoni kwa mchumba wake akikata vitunguu, alitupa kisu, akakimbilia sebuleni na kufungua madirisha yote.

"Unatuua na baridi hii ya Julai!" Cheryl akacheka. "Njoo uone. Fungate yetu imepatikana."

Kumbe sauti ilitoka kwenye kompyuta. Kilionekana kisiwa cha Ugiriki, cheusi kama makaa, na kiboti cheupe kikikizunguka.

"Boti inakuwa yetu peke yetu kutwa nzima," Cheryl alisema. "Nahodha anatuzungusha kisiwa chote, anatuchomea samaki humo humo, halafu anasimama hapa." Akagusa kioo. Watu walikuwa wakijitupa kwa vifijo kwenye maji ya rangi ya kutu yaliyojaa mapovu. "Volkano inayapasha moto. Wewe unaruka tu!"

Jeremy, kaka yake Cheryl, alikuwa amejilaza kwenye kochi. "Shemeji anarudishwa nyumbani," akasema. "Si wewe ndiye mtoto wa volkano?"

Jina hilo Ruphin alijipa mwenyewe. Fundi cherehani mbele ya watu wa benki wa Sandton, mtaa wa matajiri, alikataa kuonekana mdogo. Wao wakitaja vyeo, yeye hutaja mlima wa moto wa kwao Goma: unavyopaka usiku rangi nyekundu, na mto wake wa moto ulivyoupasua mji, watu wakajenga juu yake kabla haujapoa. "Nashona nguo," husema, "lakini nimezaliwa na moto." Cheryl alimpendea maneno hayo. Na kwa ajili ya maneno hayo, katika visiwa vyote vya dunia, akachagua hiki.

"Sipandi," Ruphin alisema.

"Hupandi nini?"

"Hiyo boti! Watu wazima wanalipia kuzunguka kitu ambacho sisi tulikikimbia na magodoro kichwani. Mna wazimu?"

"Eish! Mtoto anamwogopa mama yake," Jeremy akadakia.

"Niogope? Mimi?" Akapiga meza, vikombe vikaruka.

Cheryl akaifunga kompyuta polepole. "Ni boti usiyoitaka, Ruphin, au ni mimi? Nijibu leo, kabla wajomba zako hawajaenda kwetu kuposa."

Ruphin alitoka bila koti. Akasimama kwenye robot ya pembeni, zile taa za kuongozea magari; taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, naye hakuvuka. Hakujielewa. Boti ile ilikuwa nzuri. Cheryl alikuwa pumzi yake. Sasa alikuwa akikimbia nini? Hasira alikuwa nayo tele, ila hakuona wa kumpiga nayo.

Akarudi. Cheryl alimfungulia, macho mekundu.

"Ni vitunguu vyako," alisema.

"Nipe kiberiti."

Akawasha njiti, akapiga goti, akaishusha hadi karibu na zulia. Ikawaka mpaka ikamchoma vidole.

"Kwetu, kabla hujashuka bondeni, unashusha moto kwanza. Ukizimika, usiende. Kuna hewa inalala chini, haina rangi wala harufu. Tunaiita mazuku. Inatoka kwenye mlima ule ule ninaojisifia. Aliyesimama hupita, anayeinama haamki. Ndiyo maana mama zetu hupita pale na watoto mabegani."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kaka yangu François aliinama kuokota mpira, ufukweni mwa ziwa, kando ya mapovu kama yale. Mama alinikumbatia kiuno nisimfuate."

Jeremy akashusha miguu kutoka kwenye kochi. "Shemeji, mimi..."

"Wewe nyamaza tu," Ruphin akamkatiza.

"Naifuta safari," Cheryl alisema.

"Usiifute."

Sauti yake mwenyewe ilimshangaza Ruphin. Alitaka kwenda! Hilo lilimchanganya kuliko hofu. Alitaka kumwona yule ndugu wa mlima wao akiwa juu ya maji, amzunguke mpaka auone mgongo wake, ingawa hakujua kama angemsalimu au angemtukana.

Akaushika mkono wa Cheryl kwa vidole vilivyoungua.

"Nakuahidi, na kaka yako asikie. Kisiwa tutakizunguka chote. Maji yale siingii, wala wewe huingii. Na nikiogopa, nitakuambia naogopa. Sitapiga meza."