Mkono Chini ya Shuka

Mzee Kanchoro alikuwa dalali wa ngamia na mbuzi katika soko la mifugo la Isiolo kwa miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumsikia akitaja bei kwa mdomo. Bei zake alizisema kwa vidole, mkono wake na wa mnunuzi ukiwa umefunikwa shuka. Alishika kidole kimoja, viwili, vitatu, mpaka mtu akubali au auchomoe mkono kwa hasira. Kwa hiyo siku nesi Kathambi alipomvalisha mkanda wa presha na kuwasha mashine, mzee alivuta shuka yake begani akaufunika mkono.

"Mzee, huu mkanda hausikii baridi," nesi akasema.

"Haya hayafanywi mbele ya watu."

Sabdio, binti yake, alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono wa kushoto umeshika akala za baba yake, viatu vyake vya matairi. Akatazama chini kwa aibu.

Kesho yake mzee angepelekwa Nairobi kupasuliwa moyo. Daktari alikuwa amewaeleza: katika upasuaji damu itazuiwa isifike moyoni kwa muda, na itakaporudi kwa kishindo inaweza kuumiza zaidi moyo uliozeeka. Kwa hiyo mkono utabanwa dakika tano na kuachiliwa dakika tano, mara nne, ili mwili uonje shida ndogo na moyo ujiandae kwa kubwa. "Kwa wazee hatuna hakika kama inasaidia," daktari alisema, "lakini tujaribu."

Kanchoro alisikiliza yote, kisha akatamka, "Kumbe moyo wangu unapelekwa sokoni."

Mashine ikabana. Mzee akafumba macho.

"Huyu mkali," akanong'ona. "Amenishika mkono lakini vidole havifikii. Anaficha bei."

"Bei ya nini, Abba?" Sabdio akauliza.

"Ya moyo. Nimemwomba mvua kumi za kuishi. Hajajibu."

Mara ya pili alishuka hadi mvua nane. Mara ya tatu, kabla dakika tano hazijaisha, stima zikapotea na mkanda ukalegea. Mzee akafungua macho.

"Ameondoka," akasema. "Bila hata salamu."

Kathambi akaleta mkanda mwingine, wa kupampu kwa mkono. Mzee akaurudisha mkono wake kifuani.

"Huyo ni mwingine. Mimi sibadilishi mnunuzi katikati ya mazungumzo. Na Nairobi siendi."

"Mzee! Hiyo nafasi tumeingojea miezi saba! Usipoenda utakufa."

"Basi nitakufa sijauzwa."

Nesi alicheka. Sabdio hakucheka, maana alimjua baba yake. Wakati mmoja kule Oldonyiro alirudisha mbuzi themanini nyumbani kwa miguu kwa sababu mnunuzi alichomoa mkono mapema. Hapo ndipo Sabdio alipoingiza mkono wake wa kulia chini ya shuka. Lugha ile wanawake hawakufundishwa. Alishika vidole vyote vya baba yake kwa pamoja, kwa woga tu, akavibana mpaka vyake mwenyewe vikauma.

Mzee akafumba macho. Akafungua jicho moja.

"Ametuma mtu," akamwambia nesi. "Mtu wa roho pana. Haya, funga mkanda wako."

Jioni Sabdio alimuuliza walikubaliana nini.

"Mama yako hakuwahi kujua bei ya ngamia hata mmoja," mzee akajibu, "na tuliishi vizuri."

Alirudi kutoka Nairobi na kovu refu kifuani. Mvua ndefu zikamkuta sokoni, kisha fupi, kisha ndefu tena. Novemba ya mwaka wa pili mvua ilikataa. Mawingu yalipita juu ya Gotu yakaelekea Meru. Mbuzi kumi na mmoja wa mzee walikufa, na Sabdio akamkuta nyuma ya nyumba akitazama mbingu tupu, akicheka ndani ya shuka kama mtoto aliyeiba sukari.

"Abba! Watu wanalia!"

"Najua. Mungu anisamehe. Lakini hii haihesabiwi."

Sabdio akadhani ni uzee.

Mvua ndefu zilirudi, na mzee akafariki Novemba iliyofuata, mito ikiwa imejaa. Siku ya tatu ya matanga Mamo, dalali mwenzake, alikuja kutoa pole. Mvua ilikuwa ikipiga turubai, na Sabdio akamsimulia habari za mashine. Mamo akauzungushia mkono wake pindo la shuka, kwa heshima, akaunyoosha.

"Nionyeshe ulivyomshika."

Akamwonyesha.

"Vidole vyote?"

"Vyote."

"Hakuna anayeanza na vyote, binti yangu! Ulimpa mvua tano."

Sabdio akahesabu. "Lakini ameona sita, pamoja na hii."

"Na ile iliyokataa? Dalali gani ataikubali ile?" Mamo akacheka mpaka akakohoa, kisha akajifuta macho kwa pindo lilelile.

Alipoondoka, Sabdio alibaki chini ya turubai akiutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa na vidole vingine vitano. Siku ile ulikuwa umeshika akala.