Vinywaji vya Idd

Mchana wa Idd, Winny alikuwa akipeleka sinia ya vinywaji kwenye bustani ya hoteli, upande wa ziwa, pua yake ilipomshtua. Humo mlipaswa kuwa na pasheni, ndimu na nanaa tu. Mbona kulinukia ramu?

Alirudi kaunta. "Njuguna, umetia nini humu?"

"Juisi tu," akajibu mchanganya vinywaji, bila kumtazama.

"Basi onja."

Njuguna aliendelea kupangusa kaunta iliyokwisha kung'aa. "Nilitumia kopo tulilochanganyia pombe jana. Lakini nililisuuza, Winny. Nani atajua?"

Winny alivimwaga vyote kwenye sinki, akasugua jagi kwa sabuni, akakamua matunda mwenyewe.

Kule bustanini, Mama Rukia, mgeni aliyewaleta jamaa zake wote kusherehekea Idd, alikuwa amenuna. "Mbona mmekawia hivi?"

Winny angeweza kusingizia barafu. "Vya kwanza nilivitilia shaka, Mama, nikavimwaga. Hivi nimetengeneza mimi."

Mama Rukia alimkazia macho, akainusa glasi, kisha akaisukuma kando.

"Moyo wangu umeshaingiwa na wasiwasi," akasema kwa upole. "Tuletee soda, binti yangu. Uzifungue hapa mezani, wewe mwenyewe."