Presha Imeshuka

Mimi nina mdomo, hilo silikatai, na hapa Mlandege, Iringa, kila mtu anajua. Saluni yangu ni ndogo lakini mteja akinizungusha namwambia ukweli mbele ya wenzake, asipotaka aende kwingine. Kwa hiyo kaka yangu Ezron aliponipigia kusema mama amemwaga uji mezani akidhani kuna bakuli, na kwamba mke wake anampa maziwa ya manjano "kusaidia macho", sikujibu mengi. Asubuhi yake nilifunga saluni, nikapanda basi la Mbeya, nikashuka Igawa, nikachukua bodaboda mpaka Rujewa. Njia nzima nilikuwa nampangia wifi yangu maneno.

Wifi yangu anaitwa Blandina. Mama anakaa kwake na Ezron tangu baba afariki, maana baridi ya Kihesa, kwetu Iringa, ilikuwa inamtesa magoti na Rujewa kuna joto. Mama ana presha ya macho. Miaka miwili iliyopita nilimpeleka mimi mwenyewe hospitali Iringa, jicho la kushoto likiwa limeshakwenda, na daktari akasema la kulia linaweza kubaki kama atadondoshea dawa kila jioni, maisha yake yote. Tulikuwa tunapigania jicho moja tu. Nyumbani jina la ugonjwa likatuchosha tukalikata. Ikawa, "Presha ya mama inaendeleaje?" Au, "Mama ameshatia ya presha?" Kila mtu alielewa.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene, Damari," akajibu, akatabasamu. Lakini aliutabasamia ukuta. Mimi nilikuwa upande mwingine kabisa, hatua mbili kutoka kwake, na kitenge changu chekundu cha kuwaka. Moyo uliniuma hadi nikakosa pa kuuweka, nikaamua kuupeleka jikoni.

Blandina alikuwa anachambua mchele. Kwenye rafu alikuwa amepanga makopo ya zamani ya kakao, kila moja kaliandika kwa kalamu: manjano, mdalasini, iliki, karafuu, binzari nyembamba, pilipili manga. Yamepangwa vizuri kama dawa za duka la dawa. Hicho ndicho kilichonipandisha.

"Karibu wifi," akasema. "Ungesema unakuja tungekupokea."

"Nipokewe na nani? Na wewe unayempofusha mama yangu kwa viungo vya pilau?"

"Wifi, kaa kwanza."

"Sikai. Nijibu."

Akaweka ungo chini. Blandina hana haraka, na hiyo ni sifa ambayo sijawahi kumsamehe. "Walituma kwenye kikundi chetu cha akina mama, kwenye simu. Wakasema manjano na mdalasini vinasaidia macho. Nikasema hata kama havisaidii, si tunavila kila siku? Nikawa namtilia kijiko kidogo kwenye maziwa. Dawa yake sikumkataza."

"Kikundi cha simu ndicho kilichosoma udaktari?"

"Nimekwambia sikumkataza dawa."

"Sikio la kufa halisikii dawa, wifi. Wewe ulishaambiwa hapa hapa, mbele ya mumeo, kwamba yule mama siyo mtu wa kujaribiwa mapishi. Lakini wewe mjuaji. Tangu uolewe wewe ni mjuaji."

Nikachukua kopo la manjano nikalimwaga uani. Likafuata la mdalasini, likafuata la iliki. Kuku wakaja mbio, wakadonoa, wakaondoka. Nilimaliza yote sita, mikono ikawa ya njano mpaka kwenye kucha, na hasira ilikuwa haijapungua hata kidogo.

"Chupa ya matone iko wapi?" nikauliza.

Blandina akaenda chumbani kwa mama akarudi nayo. Ilikuwa imejaa. Hata kile kiplastiki cha kufunga kifuniko hakijakatwa, na vumbi juu yake.

"Hii haijafunguliwa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

Tulikuwa tumeingia Septemba. Nilihesabu miezi kwa vidole vya njano, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Ya mama yake mzazi yalikuwemo. Nikamwuliza kama na yeye mama yake angeacha dawa angekaa anachambua mchele.

"Mimi nilisema," akasema. "Mama akaniambia yameshaamuliwa."

"Yameamuliwa na nani?"

Alinikazia macho. Nilidhani anatafuta uongo wa kunipa. Kisha akainama kuokota makopo yake uani, moja moja, anayakung'uta.

"Twende hospitali, wifi," akasema. "Huko ndiko kwa kuulizana."

Nikamwona mnafiki. Nikamwambia hivyo, na nikamwambia atakuja na sisi mpaka Iringa ili daktari amwambie kwa kinywa chake alichokifanya. Ezron alikuwa shambani anavuna vitunguu. Aliporudi jioni alikuta imeshaamuliwa, akala akalala.

Kesho yake saa nane mchana tulikuwa watatu mbele ya daktari wa macho, binti mdogo mwenye miwani, mpole. Alimpima mama kwa mashine, akamwambia atazame huku, atazame kule. Mama alikuwa anasema "ndiyo, ndiyo" hata pale ambapo hakuulizwa kitu. Daktari akarudi kwenye kiti chake.

"Presha ya jicho iko juu sana, mama."

"Lakini ilishuka," mama akasema. "Mwezi wa nne walikuja wauguzi kanisani kwetu kutupima bure. Wakanifunga kile kitambaa mkononi wakakijaza upepo. Wakasema presha yangu nzuri, kama ya msichana."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, ile ni presha ya damu. Hii ni ya ndani ya jicho. Ni vitu viwili, vimepewa jina moja tu. Ya damu inaweza kuwa nzuri kabisa na huku jicho linakufa. Kwa kufunga mkono huwezi kujua kitu cha jicho."

Mimi sikusubiri amalize. "Daktari, huyu hapa," nikamwonyesha Blandina. "Huyu ndiye. Amekuwa akimpa manjano na makorokoro ya jikoni badala ya dawa. Mwambie."

"Manjano kwenye chakula hayana kosa," daktari akasema. "Hata mimi natumia. Ila hakuna kiungo cha jikoni kinachoshusha presha ya jicho. Kinachoshusha ni matone." Akamgeukia mama. "Mama, nani alikwambia uache matone?"

"Damari," mama akasema.

Alisema kama unavyotaja siku ya wiki. Nikacheka, maana nilidhani amechanganya majina.

"Mama, unaulizwa aliyekwambia uache."

"Nimesikia. Nilikupigia siku ile ile niliyopimwa. Nikakwambia presha imeshuka. Nikakwambia Blandina anasema labda viungo vimesaidia, ila niendelee kudondoshea mpaka tuulize Iringa. Wewe ukasema Blandina kawa daktari lini. Ukasema viungo havishushi kitu, iliyoshusha ni dawa uliyoninunulia wewe. Na kama imeshuka basi nipumzike, dawa ikizidi ni sumu."

Hapo nikakumbuka, jamani. Nilikuwa namsuka bibi harusi, simu nimeibana begani, nywele za bandia mdomoni. Sikuuliza wamepima wapi. Sikuuliza wamepima nini. Katika maneno yote yale mimi nilisikia jina la Blandina tu, na Blandina alikuwa amesema aendelee. Angesema aache, mimi ningesema aendelee. Mungu ananiona, hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nilimtazama wifi. Alikuwa anaangalia mikono yake. Alijua tangu jikoni, alijua wakati namwaga makopo yake, na hakusema. Nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyomchukia kwa manjano.

"Ungenikumbusha," nikamwambia.

"Nimekukumbusha mara ngapi vitu, wifi? Ukaniambia mimi nimeolewa tu, mambo ya mama yana wenyewe."

Daktari akakohoa kidogo. Akatueleza kwamba kilichokufa kwenye jicho hakirudi. Ataandika matone mapya, mawili tofauti, na mama akiyatumia bila kukosa anaweza kubaki na mwanga: atajua dirisha liko wapi, atajua mtu amepita. Sura hatazijua tena.

"Hata ya kwangu?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza ya kwangu.

"Sura yoyote, dada."

Mama hakulia. Alifunga vizuri kilemba chake, akauliza dawa zinachukuliwa dirisha gani. Nikasema atabaki Kihesa kwangu, nitafunga saluni mapema kila jioni, nitamdondoshea mwenyewe, sitakosa hata siku moja. Niliongea sana. Nilikuwa naongea kama naibiwa.

"Narudi Rujewa," mama akasema.

"Mama, mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana nilikusikiliza."

Tukatoka hadi kwenye korido. Blandina alitangulia dirishani na karatasi ya dawa, mama akasimama katikati ya watu ananyoosha mkono mbele, vidole vinatafuta. Nikauwahi. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, na mama akaushika wangu, akaanza kuupapasa, kucha, kiganja, hadi kwenye bangili zangu. Vidole vikasimama hapo.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, mama."

Akautoa mkono wake taratibu, bila kunisukuma, akaunyoosha tena mbele.

"Blandina yuko wapi?"

Watu walikuwa wanapita, wengine wananiangalia. Nikageuka nikamwita wifi yangu. Sauti ilitoka kwa ukali, kama ya mtu anayegombana, maana ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo.